Kinyago cha mionzi, chetezo cha ubani

Kinyago huanza kikiwa bamba jembamba la plastiki lenye matundu kama chekecheke. Mtaalamu wa mionzi hulitumbukiza kwenye maji ya moto hadi lilainike, hulitandaza juu ya uso wa mgonjwa aliyelala chali, kisha hulibana pembeni. Kwa dakika chache plastiki hushika umbo la paji, pua na kidevu, halafu hukakamaa. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa anapoingia chumba cha mionzi kichwa chake hufungwa ndani ya kinyago hicho na kukazwa kitandani, ili miale ipige palepale bila kuyumba. Kwa uvimbe mkali wa ubongo, utaratibu wa kawaida ni mara 30: siku tano kwa wiki, wiki sita mfululizo.

Kwa mtu wa Bagamoyo, Msata au Ubena Zomozi, wiki sita ni mtihani mkubwa. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni Dar es Salaam, mahali ambapo Wajerumani walifungua hospitali mwaka 1897. Kutoka Bagamoyo mjini ni kilomita zipatazo 65. Kutoka Ubena, ng'ambo ya Chalinze kwenye barabara ya Morogoro, ni zaidi ya 100. Mtu ambaye kichwa kinamgonga na mguu mmoja haumtii hawezi kwenda na kurudi kila siku. Anatafutwa ndugu wa Mbagala au Manzese, godoro linatandikwa sebuleni, mke au mama anafunga safari naye, shamba linabaki na watoto. Siku ya 30 kinyago kinafunguliwa kwa mara ya mwisho. Mgonjwa anapewa vidonge vya kupunguza maji kichwani na vya kuzuia kifafa, anaandikiwa tarehe ya kurudi, anaambiwa akapumzike.

Jioni ya kwanza nyumbani, shangazi anapalia mkaa kwenye chetezo na kutia chembe mbili tatu za ubani. Moshi unapitishwa juu ya kichwa cha mgonjwa, hasa pale ambapo nywele zimenyonyoka kwa mionzi. Wiki hiyohiyo jirani analeta habasoda iliyosagwa na kuchanganywa na asali. Mtu wa msikitini anashauri kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Mwingine anamfahamu fundi wa kuumika. Binamu ametumiwa kwenye simu tangazo la unga wa mizizi unaoyeyusha uvimbe wa aina yoyote. Katika mwezi mmoja mgonjwa anaweza kuwa amepita mikononi mwa matabibu wanne au watano, na hakuna hata mmoja anayejua mwenzake ametoa nini. Daktari aliyempiga mionzi ndiye wa mwisho kujua, na mara nyingi hajui kabisa.

Mjadala wa tiba asili nchini hupenda kuuliza kama dawa fulani inaponya au haiponyi. Ni swali la haki, lakini kwa mgonjwa wa ubongo yapo mawili yanayolitangulia: anaitumia lini, na nani anajua? Aliyeanzia kwa mganga akakaa huko mwaka mzima huku uvimbe ukikua, aliyekatiza mionzi katikati kwa sababu amesikia habari za mtu wa miujiza, na aliyemaliza matibabu yote ya hospitali ndipo akageukia miti na maombi, hawa ni watu watatu tofauti. Wote huwekwa kapu moja na kuitwa wajinga. Huyo wa tatu, ambaye ndiye mhusika wa safu hii, si mjinga hata kidogo. Amekwenda hospitali, amelala ndani ya kinyago mara 30, ameuza alichokuwa nacho. Kinachompeleka kwa tabibu mwingine ni kwamba hospitali imemaliza kazi yake, na yeye bado anaumwa.

Jina la ugonjwa nalo lina nguvu yake. Mwaka 1996 Peter Winch na wenzake walichapisha utafiti kuhusu majina ya homa katika Wilaya ya Bagamoyo. Walikuta kwamba watu wa huko waliijua vizuri homa ya malaria na waliipeleka hospitali, kwa kuwa waliiona homa ya kawaida inayosikia vidonge. Lakini mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho alikuwa na degedege, na degedege ilikuwa habari nyingine, yenye asili nyingine na wenyewe wa kuitibu. Kumbe kwa daktari degedege ile mara nyingi ilikuwa malaria ileile iliyopanda kichwani. Mtoto mmoja, ugonjwa mmoja, majina mawili, milango miwili.

Uvimbe wa ubongo unapita katika njia hiyohiyo. Kwa watu wazima wengi hujitambulisha kwa kuanguka kifafa, au kwa mtu mpole kuanza kuropoka na kutukana, au kwa kuona vitu viwili mahali pa kimoja. Dalili hizi zina majina yake tangu zamani: majini, kurogwa, kuchezewa. Mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka kifafa, akaanguka ghafla, anahitaji kupigwa picha ya kichwa ya CT au MRI. Hilo linapaswa kujulikana hadi kitongoji cha mwisho. Jina la kwanza hata hivyo halifutiki kwa sababu picha imepigwa. Familia inaweza kukubali kabisa kwamba kuna uvimbe, ikakubali upasuaji na mionzi, na bado ikauliza: uvimbe huu umeletwa na nani? Hospitali haina jibu la swali hilo. Kwa aina nyingi za uvimbe wa ubongo, sayansi yenyewe haijui chanzo. Mganga analo jibu, na mtu aliye gizani humfuata mwenye taa kabla ya kuuliza mafuta yake ni ya aina gani.

Uamuzi huo kwa kawaida haufanywi na mgonjwa. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyetafiti matibabu miongoni mwa Wakongo na kuchapisha kitabu mwaka 1978, alionyesha kwamba ndugu wanaomzunguka mgonjwa ndio wanaosimamia safari ya tiba: wao hupokea habari, hupima, hulipa, huamua wapi pafuatwe. Kila aliyewahi kukaa kikao cha ukoo Pwani analijua hilo bila kusoma kitabu. Mjomba anasema hivi, shangazi anasema vile, shemeji mwenye gari ndiye anayeamua saa ya kuondoka. Daktari anayemweleza mgonjwa peke yake, chumbani, kwa dakika kumi, anazungumza na mtu mmoja wa baraza lenye watu saba.

Sasa, huo ubani. Wenye kuudharau wangetulia kwanza, kwa sababu umepimwa, tena kwa wagonjwa wa ubongo hasa. Mwaka 2011 madaktari wa Freiburg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 44 waliokuwa wakipigwa mionzi ya kichwa. Nusu walipewa vidonge vya utomvu wa mti wa ubani wa Kihindi, miligramu 4,200 kwa siku. Nusu walipewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Mionzi ilipokwisha, maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya robo tatu katika asilimia 60 ya waliotumia ubani, dhidi ya asilimia 26 ya wale wengine. Kwa ugonjwa ambao sehemu kubwa ya mateso yake hutokana na maji hayo yanayobana ubongo, hiyo ni habari njema.

Inafaa kuisoma mpaka mwisho. Wagonjwa walikuwa 44 tu. Hali ya maisha yao kwa jumla na uwezo wao wa kufikiri havikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Na ubani waliotumia ulikuwa wa kumeza, uliopimwa kwa miligramu, kila siku, pamoja na mionzi. Hakuna aliyeambiwa aache mionzi. Moshi wa chetezo ni kitu kingine. Moshi una kazi yake nyumbani, na safu hii haina ugomvi nao: unamwambia mgonjwa kwamba amerudi kwao, kwamba shangazi yupo, kwamba nyumba inamwombea. Kazi hiyo haifanywi na kidonge. Ila asiambiwe kwamba moshi umefanya kilichofanywa na vidonge vya Freiburg.

Upo mfano mwingine ulio karibu zaidi. Katika nyua za Bagamoyo, kwenye kuta za zamani na kandokando ya makaburi, humea ua dogo la zambarau au jeupe lenye petali tano, lisiloomba maji wala mbolea. Asili yake ni Madagaska. Waganga wa nchi nyingi za joto walilitumia kwa kisukari, na katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Kanada na Marekani walilichunguza kwa sababu hiyo. Sukari haikushuka vya kutosha. Walichokiona badala yake ni chembe nyeupe za damu kupungua, wakaufuata uzi huo hadi wakapata dawa za saratani, mojawapo vinkristini. Hadi leo vinkristini hutolewa kwenye mmea huohuo. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 251 wenye uvimbe wa ubongo unaokua taratibu waligawanywa makundi mawili: waliopata mionzi peke yake waliishi wastani wa kati wa miaka 7.8, na walioongezewa mchanganyiko wa dawa tatu, vinkristini ikiwemo, waliishi miaka 13.3.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu mchango wa vinkristini yenyewe katika mchanganyiko ule, kwa sababu haipenyi vizuri kuingia ubongoni. Jambo hili linastahili kusimamiwa kidogo. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta wake wa pekee, mfano wa mlango wenye bawabu mkali. Vitu vingi vinavyozunguka mwilini vinazuiwa hapo. Manjano, tangawizi, mwarobaini na mlonge vinaweza kuwa na kemikali zinazoua seli za saratani ndani ya kichupa cha maabara. Kufika kwenye uvimbe uliojificha nyuma ya ukuta huo ni safari tofauti, na mimea mingi inayotangazwa haijawahi kuonyeshwa kwamba inaufikia. Muuza unga wa mizizi anapomwambia mama wa Ubena kwamba unga wake "unaingia mpaka kwenye ubongo", amwonyeshe nani ameupima huko.

Historia ina mgonjwa mmoja ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa sauti yake kuliko kwa ugonjwa wake. Mwaka 1977 Bob Marley alikutwa na saratani ya ngozi chini ya kucha ya kidole cha mguu. Madaktari walishauri kidole kikatwe. Hakukubali, akafanyiwa upasuaji mdogo na kuwekewa kiraka cha ngozi. Aprili 1980 aliimba Harare, iliyokuwa bado ikiitwa Salisbury, Zimbabwe ilipopata uhuru. Septemba mwaka huohuo alianguka akikimbia mazoezi kwenye bustani ya Central Park, New York. Vipimo vilionyesha saratani imefika kwenye ubongo, mapafu na ini. Akapigwa mionzi New York. Kisha, Novemba, akavuka bahari kwenda Bavaria kwa daktari Josef Issels, aliyekuwa maarufu kwa tiba zake za pembeni: vyakula maalumu, kuupandisha mwili joto, sindano za namna yake. Alikaa huko miezi kadhaa ya baridi. Mei 1981 akaanza safari ya kurudi Jamaika, hakufika. Alifariki Miami tarehe 11, akiwa na miaka 36.

Watetezi wa Issels husema alimwongezea Marley miezi. Wapinzani husema alimwongezea mateso. Kwa mgonjwa mmoja hakuna awezaye kuthibitisha lolote kati ya hayo mawili. Kilicho wazi zaidi ni tarehe. Alipofika Bavaria saratani ilikuwa imeshatapakaa, na hakuna hospitali duniani mwaka 1980 iliyoweza kuirudisha. Dirisha lilikuwa mwaka 1977, kwenye kidole. Watu wanabishana kuhusu daktari wa mwisho, wakati jambo kubwa lilipita mbele ya yule wa kwanza.

Hesabu pana zinasema hivyohivyo. Mwaka 2018 Skyler Johnson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha tafiti mbili zilizotumia kumbukumbu za wagonjwa wa saratani wa Marekani. Ya kwanza iliwaangalia 281 walioacha kabisa tiba ya hospitali na kutumia tiba mbadala peke yake: hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao. Ya pili ndiyo inayomhusu mgonjwa wetu, yule anayechanganya. Wagonjwa 258 waliopata tiba ya hospitali pamoja na tiba nyingine za pembeni walikuwa na hatari ya kufa maradufu ya wale 1,032 waliolinganishwa nao. Sababu? Asilimia 53 ya hao wachanganyaji waliokuwa wameshauriwa mionzi waliikataa, dhidi ya asilimia 2.3 ya wengine. Kemo waliikataa asilimia 34.1, dhidi ya 3.2. Watafiti walipoingiza kukataa na kuchelewa kwenye hesabu, tofauti ya vifo haikubaki na uzito wa kitakwimu. Tafiti hizo zilihusu saratani za matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana, hazikuhusu ubongo. Lakini somo lake linahamia vizuri. Madhara makubwa yalikaa kwenye miadi iliyorukwa.

Tanzania ililiona hilo kwa macho yake mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema kinaponya kisukari, saratani, UKIMWI na maradhi mengine sugu. Foleni ya magari ilijipanga kilomita kwa kilomita. Mwishoni mwa Machi watu wapatao 24,000 walikuwa wakisubiri, naye akaomba wengine wasije kwanza. Wapo waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe, wengine wakiwa wametolewa vitandani hospitalini. Mwasapile mwenyewe alifariki Julai 2021. Watu wengi huikumbuka Loliondo kama kisa cha imani, na kweli imani ilikuwepo. Lakini ile foleni ilikuwa pia orodha ya wagonjwa waliokuwa wameshapita hospitali wakarudishwa nyumbani, na hakuna aliyekuwa akiwatembelea huko.

Kwa uvimbe wa ubongo, sababu ya kutafuta zaidi inaeleweka hata kwa takwimu za hospitali zenyewe. Dawa ya temozolomidi, iliyobadilisha matibabu ya uvimbe mkali kuliko yote, ilipimwa kwa wagonjwa 573 na matokeo yakatoka mwaka 2005. Ikiongezwa kwenye mionzi, wastani wa kati wa maisha ulipanda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 badala ya 10.4. Daktari anaona hapo ushindi mkubwa, na ana haki. Familia inasikia miezi miwili na nusu. Mwaka 2015 Wakenya walichanga mtandaoni kumpeleka India mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekuwa na uvimbe wa ubongo. Walilenga shilingi milioni 1 za huko, zikapita milioni 6 kwa siku chache. Wananchi walitoa kwa sababu walijua hakuna familia ya kawaida inayoweza kubeba gharama hizo peke yake. Asiye na umma wa kumchangia anatafuta tumaini la bei anayoiweza, na chupa ya shilingi elfu thelathini iko jirani.

Ieleweke pia kwamba si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Ule unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, meninjioma, mara nyingi hukua polepole na ukitolewa wote mtu huweza kuishi miaka mingi. Mgonjwa wa namna hiyo akipona, chochote alichokunywa baada ya upasuaji kitapewa sifa. Hadithi yake itafika Kiwangwa na Miono, na mwenye uvimbe mkali ataifuata bila kujua kwamba wawili hao hawakuwa na ugonjwa mmoja.

Kuna kidonge kimoja kinachostahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ndicho kinachochanganya watu kuliko vyote: deksamethasoni. Hupunguza maji yanayobana ubongo, wakati mwingine kwa siku moja au mbili tu. Aliyekuwa hawezi kuinua mkono anauinua. Kichwa kinaachia. Uvimbe wenyewe uko palepale, ila nafasi imepatikana. Mgonjwa anatoka hospitali na vidonge hivi, wiki hiyohiyo anaanza unga wa mizizi, anapata nafuu. Unga unapewa shukrani. Kisha huja hatari. Kwa kuwa "dawa ya mizizi imeshika", vidonge vinaachwa ghafla, tena pengine kwa ushauri wa mwenye unga. Mwili uliozoea deksamethasoni haupaswi kuachishwa kwa siku moja. Hupunguziwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari, la sivyo mtu anaweza kulegea, shinikizo la damu likashuka, maji ya kichwani yakarudi kwa kishindo. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za kifafa: zikikatizwa ghafla, kifafa hurudi kikali, na mizizi mingine hubadilisha namna ini linavyozichakata hata kama hazijaachwa.

Baya zaidi, wakaguzi wa dawa wamekuta bidhaa zinazouzwa kama za asili zimetiwa deksamethasoni kwa siri. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu Artri King, bidhaa ya kutuliza maumivu ya viungo, baada ya vipimo kukuta deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Mwenye uvimbe wa ubongo akimeza kitu kama hicho atapata nafuu ya kweli, ya haraka, na atashuhudia kwa majirani. Hatakuwa amedanganya, atakuwa amedanganywa.

Sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, likaundwa Baraza la kusajili waganga na kusimamia dawa zao. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Desemba 2015 Naibu Waziri wa Afya, Hamisi Kigwangalla, alipiga marufuku matangazo ya tiba asili kwenye vyombo vya habari. Redioni yakapungua, yakahamia kwenye simu, ambako hakuna mhariri wala mkaguzi. Usajili wa mganga, kwa faida zake zote, haumwambii daktari wa Ocean Road mgonjwa wake anakunywa nini Ubena.

Kinachoweza kufanywa kinajulikana, na hakihitaji jengo jipya. Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari na waganga walikaa meza moja kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI, katika kazi iliyozaa Tanga AIDS Working Group. Waganga walieleza miti yao, wauguzi wakawatembelea wagonjwa majumbani, kila upande ukajifunza lini ampeleke mgonjwa kwa mwenzake. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa zimefika. Walichokuwa nacho ni kuaminiana. Uganda ilikwenda mbele kwa upande mwingine. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ya kunywa iliyochanganywa hukohuko kwa bei ndogo, na mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Maumivu yakatulizwa kijijini, na mtu akawa na wa kumwita usiku.

Wilaya ya Bagamoyo na Halmashauri ya Chalinze zina zahanati, zina wahudumu wa afya ya jamii wanaozijua nyumba moja moja. Mgonjwa anayemaliza mionzi Dar es Salaam angetoka na barua inayomtaja muuguzi wa zahanati ya kijiji chake, na nakala ingemfikia muuguzi huyo. Tembeleo la kwanza lifanyike wiki ya kwanza, kabla chupa hazijapangwa dirishani. Na aulize kwa adabu, kama mtoto wa nyumba: "Mzee wangu, shikamoo. Mbali na dawa zetu, hapa nyumbani mnatumia nini kingine? Naomba nivione." Akiuliza hivyo ataonyeshwa. Akianza kwa kufoka kwamba nani amekuruhusu, ataambiwa hakuna kitu, na chupa zitaendelea kunywewa nyuma ya pazia. Ukali wa wahudumu umeficha madhara mengi kuliko uganga wenyewe, na wakufunzi wa vyuo vya afya hawana budi kulifundisha hilo kwa uzito wanaoutumia kufundisha sindano.

Waganga nao wana deni. Yule wa kweli, anayeijua miti yake na kuiheshimu, hamwambii mgonjwa aache vidonge vya hospitali. Anayesema hivyo, awe na cheti au asiwe nacho, asisikilizwe kwenye jambo lingine lolote.

Wewe mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, siku ya kliniki inayofuata chukua kikapu. Weka humo vidonge, unga, mizizi, mafuta, maji ya kombe, chupa ya habasoda, kila kinachomgusa mgonjwa kwa kumeza au kupaka, pamoja na ule ubani. Kifikishe kikapu hicho mezani kwa daktari, ukitandaze chote, na usiondoke mpaka amekiangalia kimoja kimoja.